Wiki Moja Katika Idara ya Isimu: Hotuba kwa Watu wa Amu

Maneno haya yalisemwa ngomeni, Amu (Lamu), baada ya sala ya Alasiri. Yamewekwa hapa kwa ajili ya walio safarini na walioshindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wangu mlionifunza kushika kalamu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama nyuma, asalaam alaykum.

Nimeambiwa nieleze kazi ninayoifanya huko chuoni Nairobi. Kila nikishuka gatini huulizwa swali lile lile: "Haya, na wewe sasa wajua lugha ngapi?" Wanaouliza wananipenda, nami huwajibu kwa heshima kwamba isimu si kujua lugha nyingi. Daktari haulizwi ameugua maradhi mangapi. Mwanaisimu huichunguza lugha imejengwa vipi: sauti zake hutoka wapi kinywani, maneno yake huungana kwa kanuni gani, mtoto huipataje bila kufundishwa, na kwa nini watu wa mji mmoja husema hivi na wa mji wa pili vile. Na kazi hiyo haifanywi na mtu aliyejifungia na vitabu vyake. Hufanywa kwa vikao, wiki baada ya wiki, watu wakibishana. Kwa hiyo leo nitawapitisha kwenye wiki moja ya idara yetu, kisha nitaomba jambo.

Jumatatu asubuhi mlangoni mwa ofisi hubandikwa karatasi. Inasema nani atatoa mhadhara Alhamisi, kikundi cha sarufi kitasoma makala gani, maabara iko wazi saa ngapi, nani anatetea tasnifu yake, nani amepata ufadhili, nani amejaaliwa mtoto. Idara kubwa za Ulaya na Marekani nazo zina taarifa kama hiyo ya kila wiki. Mkizisoma mfululizo mtaona jambo. Lugha za pwani hii zimo. Kiamu, Kiswahili chetu cha hapa, kimo, katika orodha ya lugha za Kibantu aliyoipanga Malcolm Guthrie wa London kina nambari yake kabisa, G.42a. Kibajuni kimo, Kipokomo kimo, Chimwiini cha mji wa Barawa, Somalia, kimo. Hata jina la ukoo mzima wa lugha hizi, yaani Kiswahili, Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana, wanaisimu wamelitoa kwenye mto wetu wa Sabaki, unaomwagika baharini pale juu ya Malindi.

Lugha zetu zimo. Je, sisi tumo?

Shikeni swali hilo. Nitalirudia.

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu kuna darasa la uwandani. Wanafunzi kumi na kitu wanakaa na mtu mmoja ambaye lugha yake hawaijui. Kwa muhula mzima watamuuliza, na kutokana na majibu yake wataandika sarufi ya lugha hiyo. Kila sentensi huandikwa kwa mistari mitatu: wa kwanza ni maneno yenyewe, wa pili ni vipande vyake kimoja kimoja, wa tatu ni maana. Na wakitunga wao sentensi, akasema "la, hivyo hatusemi," wanaiwekea nyota mbele. Nyota hiyo ni kitu kikubwa, wazee wangu. Profesa mwenye vitabu kumi hana uwezo wa kuifuta. Katika chumba kile mwenye lugha ndiye kadhi.

Lakini kadhi huyo, kazi ikiisha, jina lake liko wapi?

Hapa Amu mnamjua Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Wengine mnamjua kwa milango aliyoichonga, wengine kwa mashairi na ngoma. Alikuwa pia mwandishi mwenye khati nzuri mno. Alice Werner, aliyekuwa akisomesha Kiswahili London, alipata mengi kwake. Mwingereza William Hichens aliandikiana naye barua. Mjerumani Ernst Dammann alipokuja Amu mwaka 1936, alikaa akasoma kwa Kijuma. Leo miswada aliyoiandika kwa mkono wake iko London na iko Ujerumani, imehifadhiwa vizuri, na wataalamu wanaisafiria. Sina ugomvi na kuhifadhiwa kwake. Karatasi nyingi zilizobaki majumbani kwetu zimeliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Ninachokisema ni hiki: wale waliokuja kwake walirudi wakawa wasomi wa Kiswahili, na yeye akabaki kuitwa "mwenyeji aliyetusaidia." Alikuwa akichagua, akilinganisha, akisahihisha, akieleza. Kazi hiyo ikifanywa chuoni huitwa utafiti.

Sasa mtazameni mwana wa Barawa. Mohammad Imam Abasheikh aliondoka mji wake akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na mwaka 1978 akamaliza tasnifu ya udaktari juu ya lugha ya mamake, Chimwiini. Pamoja na Charles Kisseberth walifanya kazi ambayo mpaka leo kila anayesoma fonolojia, yaani mpangilio wa sauti, ya lugha za Kibantu hukutana nayo. Walionesha, kwa mfano, kwamba katika Chimwiini "ulikula" na "alikula" huweza kuwa na sauti zile zile kwa mpangilio ule ule, na kinachowatofautisha wewe na yeye ni mahali sauti inapopanda tu. Watu wa Barawa walikuwa wakisema hivyo miaka yote. Aliyelisikia na kulitia katika elimu pamoja na mwenzake alikuwa mtu aliyelinyonya kwa mamake. Na majina yote mawili yako juu ya kazi ile, bega kwa bega. Tofauti ya Kijuma na Abasheikh si akili. Tofauti ni kiti.

Jumanne ni siku ya kikundi cha sarufi. Nitapita haraka hapa, ila nawaachia sentensi moja mwende nayo nyumbani: "Samaki aliyemla paka." Nani kamla mwenziwe? Mmecheka, kwa sababu mnajua tabia za paka. Lakini lisikilizeni neno lenyewe. "Aliyemla" laweza kuwa samaki ndiye mlaji, laweza kuwa paka ndiye mlaji, na sarufi yetu inaruhusu yote mawili. Tukitia "ambaye" tukasema "samaki ambaye paka alimla," utata umeondoka. Kwa nini? Saa mbili nzima watu wanaweza kukaa juu ya "kwa nini" hiyo. Na mtoto wa miaka mitano wa mtaa wa Langoni anaitumia kanuni hiyo bila kukosea, wala hajui kuwa anayo.

Jumatano ni maabara, na hapa nataka tukae.

Kila mtu anyanyue kiganja chake mbele ya kinywa, karibu hivi. Mama zangu pia. Semeni "kaa," lile la moto, la jikoni. Sasa semeni "kaa," yule wa mikokoni, mwenye magando. Tena. Wazee mmehisi pumzi ya pili? Yule wa majini ametoka na upepo, na la moto limetoka kavu. Fanyeni na "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni. Ni hivyo hivyo.

Kwenye maabara tunairekodi, kisha tunaifungua katika programu iitwayo Praat, waliyoitengeneza Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo haiuzwi. Yeyote aipata bure. Sauti inageuka picha kiooni. Mwanzo pana ukimya, maana ulimi umeziba njia. Kisha msitari mfupi uliosimama, ndio mpasuko wa "k." Kisha mawimbi ya "a." Katika kaa la moto, mawimbi huanza karibu mara tu baada ya mpasuko. Katika kaa wa majini, katikati pana ukungu wa pumzi, na ukungu huo una urefu wake, unapimwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Kipimo hiki kimewekwa tangu mwaka 1964 na Leigh Lisker na Arthur Abramson, nacho kinatumika dunia nzima.

Pumzi hiyo imetoka wapi? Kaa la moto wingi wake ni makaa. Kaa wa majini wingi wake ni kaa, habadiliki. Yumo pamoja na akina nyoka na ndege na ng'ombe, majina ambayo tangu asili yalianza na sauti ya puani. Mbele ya "k" ile sauti ya puani ikafa, ikaacha pumzi. Kwa hiyo kila mvuvi anaposema "kaa" sokoni, anatoa mabaki ya sauti iliyokuwepo kabla ya mji huu kuwepo. Mimi hili sijalizoea mpaka leo.

Na maandishi ya Kiswahili sanifu hayaioneshi. Mwaka 1928 walikutana wakubwa wa serikali za kikoloni na wamishonari Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia Afrika Mashariki nzima. Nchi zilihitaji vitabu vya pamoja, na sanifu imetufaa. Ndiyo ninayoitumia kuwaandikia watu wa Mbeya na wa Goma wakanielewa. Lakini matokeo yake mnayajua nyumbani. Mtoto akiandika "moya," akaandika "zitu," akaandika "mtele," badala ya "moja," "vitu" na "mchele," daftari hurudi jekundu. Akirudi nyumbani anamsikia nyanyake akisema "moya" na "zitu," anaanza kufikiri kwamba nyanyake hajui kusema. Hilo linaniuma kuliko alama zilizokatwa. Katika isimu hakuna kosa ambalo mji mzima hulisema kwa miaka mia tatu. Walimu wenzangu mliopo hapa, sanifu mfundisheni, mtihani ni mtihani. Lakini mwambieni mtoto ukweli, kwamba anazo sarufi mbili, na ile ya nyumbani ina tungo zilizoandikwa karne nyingi kabla ya kamati ile kukaa.

Alhamisi alasiri ndiyo siku kubwa. Mgeni anatoa mhadhara, kila mtu ana karatasi ya mifano mkononi, na baada ya hapo ni maswali. Desturi ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumuuliza profesa, "Mfano wako wa saba mbona haukubaliani na wa tatu?" na profesa atajibu au atasema atakwenda kuutazama tena. Hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Nataka niwape kisa kimoja tunachokirudia sana siku za Alhamisi, kwa sababu ni kisa cha huku kwetu.

Karibu na maingilio ya Mto Tana wapo Wadahalo. Lugha yao ni ya ukoo wa Kikushi, na wasemaji wake waliobaki ni mamia tu. Wanafonetiki, yaani wachunguzi wa sauti za lugha, wameistaajabia kwa sababu ina kila namna ambayo binadamu hutumia hewa kutoa sauti: hewa itokayo mapafuni kama yetu sote, hewa inayofyatuliwa kooni, hewa inayovutwa ndani, na vidoko vya ulimi. Lugha yenye zote nne ni nadra mno duniani, na moja iko hapa, mwendo mfupi kutoka tulipokaa. Wakaja kuirekodi kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, miongoni mwao Peter Ladefoged, aliyekuwa bingwa wa fonetiki wa zama zake.

Mwaka 1992 Ken Hale wa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake waliandika katika jarida la chama cha wanaisimu wa Marekani kwamba lugha ndogo zinakufa na kwamba wanaisimu wana wajibu wa kusimama nazo. Mwaka huo huo, katika jarida hilo hilo, Ladefoged akajibu. Akaeleza kuwa alimuuliza Mdahalo mmoja kama wanawe, vijana, wanaisema lugha yake. Yule baba akasema hapana. Wanaisikia bado, lakini hawawezi kuisema. Wanasema Kiswahili tu. Naye alikuwa akitabasamu, anajivunia kwamba wanawe wamesoma na wanajua asiyoyajua yeye. Ladefoged akauliza: mimi ni nani hata niseme kuwa amekosea?

Ndugu zangu, mnaona uzito wake? Nimewaona wanafunzi wakigawanyika chumba kizima juu ya kisa hiki. Mimi nasimama na Hale, na nitasema kwa nini. Fahari ya baba yule ni haki yake, hakuna wa kumpokonya. Lakini alichagua katika soko lenye bidhaa moja. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto anaweza kwenda shule na lugha yake isitoke kinywani. Watoto wana nafasi ya lugha mbili, tatu, nne, na pwani hii ni ushahidi. Kuchagua ni pale unapooneshwa njia zote.

Kisha tazameni upande tulio sisi. Lugha iliyowachukua vijana wale ni ipi? Ni Kiswahili. Ni hiki chetu. Tumezoea kukaa upande wa anayelia kwamba Kiamu kinamezwa na sanifu na lugha ya Nairobi. Ni kweli, kinamezwa. Lakini kwa Mdahalo, na kwa Mwaweer huko msituni tuliyemzoea kumwita Mboni, sisi ndio tunaomeza. Kwa hiyo tukidai kiti kwa ajili ya Kiamu, tudai na kwa ajili yao. Ninyi wenye duka Mokowe na Witu, mtu akisema lugha yake mbele yenu, msimcheke. Hilo halihitaji chuo kikuu.

Ijumaa asubuhi ni chai na matangazo, watu wanapongezana, wanatawanyika. Wiki imekwisha.

Sasa jambo langu. Kitu gani katika wiki hiyo hakiwezi kufanyika Amu? Chumba? Tunavyo. Wajuzi? Tunao kuliko wao. Ubishi? Amu!

Tunaye wa kumfuata. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 akafariki 2017, mwana wa kisiwa hiki, ndiye anayetajwa kuwa aliwapa Waswahili neno "runinga." Aliona mafundi wa kuunda vyombo wanapungua, naye akazikusanya istilahi za kazi ile zote katika utenzi, kuanzia kuchagua mti mpaka chombo kinapotweka. Utenzi ule ulichapwa Leiden mwaka 1979, ukahaririwa na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg, na jina la Nabhany likakaa mahali pake, mwenye kazi. Kazi kama hiyo huanza kwa kuuliza mafundi wa vyombo, kama wale wa kijiji cha Matondoni, "Hiki mwakiitaje? Na hiki?"

Ninaomba tuwe na kikao cha lugha kila wiki. Si Alhamisi, maana usiku wa Ijumaa una shughuli zake. Nimezungumza na walimu wawili na wameona Jumanne baada ya Isha yafaa. Mama zangu waamue wenyewe wakae lini na wapi, na warekodiane wenyewe. Tungo za harusi na za kubembeleza watoto ziko kwao, na hazitasemwa mbele ya wanaume. Watu wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wasingoje Amu, wakae kwao. Kipate si Kiamu, na Kibajuni si Kiamu.

Kazi yenyewe ni hivi. Rekodi kwa kifaa kinachohifadhi sauti nzima. Sauti ya kutumiana kwa simu imebanwa, na ile pumzi ya kaa yaweza kuharibika. Zimeni feni, fungeni dirisha la njiani. Mwanzo wa kila rekodi msemaji ataje jina, mtaa na tarehe, na aulizwe kama anaridhia isikilizwe na nani. Akisema hapana, ni hapana. Msimuulize "Kiamu cha kweli ni kipi?" kwa kuwa atawapa anachofikiri mnakitaka. Mwacheni asimulie: namna alivyoifunga dema, mwaka wa kusi kali, harusi ya dadake. Maneno yatatoka yenyewe. Kila rekodi iwe na nakala tatu, na moja ibaki hapa Amu, katika mikono ya watu wa Amu. Mtafiti akija kutoka popote, mkaribisheni, mpeni kahawa, na mumuulize mambo mawili kabla hajafungua mkoba: nakala yetu iko wapi, na jina la nani litakuwa juu ya kazi?

Na nyinyi vijana wa nyuma, nahitaji wawili au watatu kati yenu mje kuisoma isimu. Nitawasaidia barua za maombi, nitawafunza Praat hata kesho, mwenye kompyuta aje nayo. Nimechoka kuwa mimi peke yangu katika chumba kile ninayesikia kaa wawili bila kutazama kioo.

Jumanne ijayo tunaanza na mashua: mkuku, hanamu, mataruma, mlingoti, foromali, na vyote vilivyo katikati ambavyo mimi sivijui. Mafundi wawili wa Matondoni wamekubali kuja. Wanaotaka kuandika waje na daftari, wanaotaka kubisha waje na hoja.

Mimi nimemaliza sehemu yangu. Kipaza sauti hiki kinapita upande wa akina mama kwanza, kisha kwa wazee. Ulizeni.